Bi Taratibu Aweka Sindano Mezani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, ikifika saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa maabara yetu ya visukuku atavua koti lake jeupe na kulitundika kwenye msumari wa tatu kutoka mlangoni. Amelitundika hapo kwa miaka thelathini na sita na miezi minne, na kila Jumatatu amelichukua tena. Jumatatu ijayo hatalichukua. Anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini, macho yake yakiona vizuri kuliko ya wengi wetu, na mgongo ambao mwenyewe anasema "umeanza kurudi kule tulikotoka."

Kwenye faili ana jina lake kamili la heshima. Humu ndani ni Bi Taratibu. Jina hilo alilipata siku Profesa, mkuu wetu wa utafiti, alipokuja kumhimiza amalize kusafisha mfupa fulani kabla ya mwisho wa wiki.

"Taratibu, Profesa," alimjibu bila kuinua macho. "Huyu amesubiri miaka milioni mbili. Atashindwa kusubiri mpaka Jumatatu?"

Profesa alirudi ofisini kwake mikono mitupu. Jina likabaki.

Kwa ndugu, jamaa na wageni watakaousoma wasifu huu ukumbini bila kuwahi kuingia kwetu, niseme kidogo. Tunatafuta na kutunza mabaki ya binadamu wa kale na ya viumbe waliotutangulia. Mifupa hiyo imekaa ardhini mpaka ikawa jiwe, na ndiyo tunayoiita visukuku. Inatufikia kutoka machimboni ikiwa bado imeng'ang'aniwa na mwamba, imezungushiwa plasta kama mguu uliovunjika. Anayeuondoa mwamba bila kuudhuru mfupa ni fundi. Akiteleza mara moja tu, kilichodumu miaka milioni mbili kinaishia mezani saa nne asubuhi.

Bi Taratibu hakuja kuwa fundi wa mifupa. Alikuja kushona mito.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, na cherehani yake ilikaa barazani mwa duka lililotazamana na geti letu. Siku hizo mifupa ililazwa juu ya vifuko vya mchanga alivyoshona mlinzi kwa kamba ya katani, navyo vilivuja kila kona. Maabara ikamwita binti wa cherehani ashone vipya arobaini, kazi ya wiki mbili. Alipoambiwa ni mito ya kulazia mifupa, alisikitika akauliza wagonjwa ni wangapi.

Siku ya kuleta mito aliliona fuvu likiyumba juu ya meza kila mtu alipopita. Alirudi barazani, na baada ya saa moja akaleta mto wa mviringo wenye tundu katikati. Ilikuwa ngata, ile ile tunayoiweka kichwani kubebea mzigo, ila safari hii kichwa ndicho kilichokaa juu yake. Fuvu likatulia. Limetulia mpaka leo, na maabara tatu za nchi nyingine zimeomba zishonewe za namna hiyo.

Fundi mkuu wa wakati huo, marehemu Mzee Nyundo, alimtazama yule binti akifumua mshono uliokosewa kwa ncha ya sindano bila kuacha alama kwenye kitambaa. Akampa bonge la mwamba lenye gamba la kobe ndani yake. "Toa jiwe, acha mfupa," alimwambia, akaenda zake. Baada ya wiki tatu binti alirudisha kobe mzima, kila kipande cha gamba mahali pake. Mzee Nyundo alimuuliza ni nani aliyemfundisha.

"Kufumua ni kufumua, mzee," alijibu.

Wiki mbili za mito zikawa miaka thelathini na sita. Sindano anayoitumia mpaka leo ni ya cherehani, namba kumi na sita, aliyoichomeka kwenye kipande cha penseli. Maabara imenunua vifaa vya kila aina, kikiwemo kile cha upepo anachokiita Nyuki kwa sababu ya mlio wake. Bi Taratibu alijifunza vyote, akavisifia. Lakini mwamba ukibaki unene wa karatasi, Nyuki huzimwa na ile penseli hutoka mfukoni.

Si kila siku ilikuwa ya heshima. Wengi mnakumbuka mwaka alipopiga chafya. Alikuwa ameshika kwa koleo jino dogo kuliko punje ya mchele, na baada ya chafya koleo lilibaki tupu. Maabara nzima tulipiga magoti. Tulifagia, tukachekecha vumbi kwa chujio la chai, mhasibu na dereva nao wakaitwa waje kutambaa. Hadi mchana hakuna aliyeliona. Ndipo Bi Taratibu, mshonaji wa damu, alipoacha kutazama sakafu akaanza kutazama suruali zetu. Jino lilikuwa limelala salama kwenye pindo la suruali ya Mkurugenzi, ambaye kwa saa nne alikuwa akituamuru tutafute kwa makini zaidi. Tangu siku hiyo hakuna suruali yenye pindo la nje inayoingia maabara. Mapindo yote ya wafanyakazi aliyafumua mwenyewe, bure, ya Mkurugenzi yakiwa ya kwanza.

Alhamisi zilikuwa siku za wanafunzi. Mwaka hadi mwaka amewapitisha watoto wa shule mbele ya kabati la vioo na kuwaeleza jinsi binadamu alivyofikia kuwa binadamu, kwa maneno ambayo hata sisi wenye vyeti tuliyaiba. Mtoto akiuliza kama kweli babu yake alikuwa sokwe, alimjibu: "Sokwe si babu yako, ni binamu yako. Mna babu mmoja wa zamani sana, kila mmoja akashika njia yake. Na binamu hachaguliwi." Akifika kwenye mfupa wa nyonga aliwasimamisha wote kwa mguu mmoja, wayumbe, wacheke, ndipo awaambie: "Tulisimama kwa miguu miwili kwanza, akili kubwa ikaja baadaye sana. Wengine bado tunaisubiri." Hapo alimgeukia mwalimu wao.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi mwanzoni. Mama mkwe wake, mwanamke wa ibada, alisikia mtaani kwamba mkwewe anafanya kazi ya kuwasingizia watu ukoo wa nyani. Alikuja kuuliza ana kwa ana.

"Mwanangu, ni kweli wanakulipa useme babu yangu alikuwa nyani?"

"Hapana, mama. Wananilipa nimpanguse vumbi yeyote aliyekuwa. Jina lake Mungu anajua, mimi namtunza tu asivunjike."

Bibi alifikiri, akaomba aonyeshwe. Aliletwa maabara, akasimama mbele ya fuvu lililokaa juu ya ngata, akalitazama muda mrefu. "Meno yake yamelika kama yangu," alisema. "Alikula vigumu, maskini." Kuanzia hapo alimtetea mkwewe mtaa mzima, na kila alipotutembelea alituuliza mzee wa kwenye ngata hajambo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wageni wengi wanalijua nusu. Ni jambo la taya. Nusu nyingine naijua mimi, kwa sababu ndimi mtunza ghala, na sijawahi kuisema.

Ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita. Timu ya uchimbaji ilileta kipande cha kidevu cha binadamu wa kale, kidogo, meno yote yamekatika yamebaki mizizi tu. Bi Taratibu alikisafisha kwa miezi saba. Kisha kikaandikishwa, kikawekwa kwenye chumba cha chuma, mahali ambapo sheria ilikuwa moja: hakuna kugusa bila fomu yenye sahihi ya Mkurugenzi. Profesa alikipima, akaona ni taya la mtu mzima mwenye umbo dogo kuliko wote tuliowahi kuwaona. Kwa miaka mitatu alikuwa akiandika kwamba jamii ya watu wafupi iliwahi kuishi bondeni, na sasa aliona ushahidi umepatikana. Baada ya siku tisa angesafiri kwenda kuutangaza mbele ya wataalamu wa dunia nzima.

Asubuhi ya Jumanne, kama saa nne, Bi Taratibu alikuja ghalani akiwa na kipande kingine mkononi. Kilitoka kwenye droo ya nyani wa kawaida, ambayo yeyote aliruhusiwa kuifungua. Kilikuwa upande wa taya wenye meno mawili madogo, alikisafisha yeye mwenyewe miaka kumi na moja kabla ya hapo, na aliyekiandikisha wakati ule alikiita "nyani, kipande."

"Hiki kimevunjika hanamu," aliniambia, "kama kitambaa kilichokatwa mshazari. Kina doa jeusi ukingoni. Kile kidevu nimekishika miezi saba. Kimevunjika hanamu, na kina doa. Nataka kuvikutanisha."

"Jaza fomu," nilisema.

"Mkurugenzi yuko machimboni, harudi kabla ya wiki tatu. Profesa anaondoka wiki ijayo."

"Basi mwambie Profesa."

"Nimwambie nini? Kwamba mshona mito ameota? Nusu saa tu, baba."

Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi minane. Nilikuwa muoga, na sababu za uoga ninazo mpaka leo. Ila nilikuwa nimeishaiona mikono ile ikifanya kazi. Nilitoa ufunguo.

Alitandika mto wa mchanga chini ya kidevu, akakileta kile kipande kidogo kidogo, hakisukumi, anakiacha kitafute njia yake. Tulisikia mlio mdogo, tk, kama kifungo kinavyoingia tunduni. Akaondoa mikono. Kipande kikabaki kimesimama. Doa lililokuwa nusu huku na nusu kule lilikuwa moja, la duara. Na yale meno mawili, ambayo sasa yalikuwa mahali pake, mtu yeyote aliyewahi kulea angeyatambua. Yalikuwa meno ya utotoni.

"Si mtu mzima mfupi," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mtoto."

"Rudisha," nilimwambia. "Rudisha, tufunge."

"Nirudishe wapi? Kwenye droo ya nyani?"

Alivirudisha vyote, kila kimoja mahali pake, akaniambia niende nikale. Nilidhani yamekwisha. Yeye aliketi mezani kwake, akaandika barua ya nusu ukurasa, akampelekea Profesa na nakala kwa Mkurugenzi. Barua hiyo ninayo nakala yake. Sentensi ya kwanza inasema: "Nimevunja sheria ya chumba cha chuma na niko tayari kwa adhabu." Ya pili inasema: "Katika kuivunja nimeona jambo ambalo Profesa anapaswa kuliona kabla hajasafiri." Mwanamke huyu alikuwa na watoto watatu shuleni, na mumewe, fundi bomba, alikuwa na mkono kwenye bandeji mwezi wa pili hana kazi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kumwacha Profesa aende akaaibike mbele za watu, na hakuna ambaye angemlaumu mshona mito.

Profesa alishuka ngazi mwenyewe, barua mkononi, uso umekunjamana. Hakusalimu. Aliomba vipande vyote viwili, safari hii kwa fomu aliyoitia sahihi kwa niaba ya Mkurugenzi, akaomba lenzi, akaketi kwenye kigoda cha Bi Taratibu. Alitazama kwa dakika ishirini hivi. Tulisimama kama washtakiwa. Kisha akavua miwani.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu nimeandika juu ya mtu mzima." Halafu, kitu ambacho sikukitarajia, alianza kucheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Mama, huyu ana miaka mingapi?"

"Leo jioni nitakwambia," alijibu.

Jioni hiyo alimwita kitinda mimba wake, akamwambia afungue mdomo, akahesabu na kuchora kwenye karatasi. Kesho yake alileta jibu: amepita miaka mitatu, hajafika mitano. Mumewe naye alituma salamu, akiuliza huyo mtoto mpya wa maabara atahitaji kitanda au atalala na wenzake.

Tulikwenda hospitali kuomba taya lipigwe picha za ndani, maana wakati ule hatukuwa na mashine yetu. Karani wa mapokezi alitaka jina la mgonjwa na umri. Bi Taratibu aliweka kisanduku juu ya kaunta, akakifungua. "Andika miaka minne," alimwambia. "Hiyo milioni mbili haitaenea kwenye fomu." Picha zilipotoka, meno ya ukubwani yalionekana yamejipanga ndani ya mfupa, hayajachomoza, yakisubiri zamu ambayo haikufika. Hapo Bi Taratibu alitoka nje, akakaa kwenye benchi kidogo, peke yake. Baadaye aliniambia jambo moja tu: "Kuna mama aliyemtafuta huyu."

Profesa alisafiri siku ile ile aliyopanga. Alisimama mbele ya wataalamu akasema kwamba jamii yake ya watu wafupi haipo, na kwamba badala yake ameleta mtoto, mmoja wa wachache mno kupatikana wa enzi hiyo, anayetuonyesha jinsi babu zetu wa kale walivyokua. Walimpigia makofi wamesimama. Makala ilipochapishwa, jina la Bi Taratibu lilikuwa la pili, na mbele yake Profesa aliandika neno "fundi", akakataa wahariri walipotaka kulifuta.

Mkurugenzi alirudi kutoka machimboni na barua mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo kali kwa kuvunja sheria ya chumba cha chuma. Ya pili ilikuwa pongezi za kamati nzima. "Hii ya kwanza isome umesimama," alimwambia, "na hii ya pili uisome umekaa." Kwenye faili lake zimefuatana, folio ya hamsini na saba na ya hamsini na nane.

Lakini kabla ya kumpa barua, Mkurugenzi aliuliza mbele yetu sote: ufunguo ulitoka kwa nani?

Bi Taratibu alijibu, "Kosa nimelikiri mimi. Nikiligawa, litakuwa halijakaa sawa kwangu wala kwa mwingine." Mkurugenzi alimtazama, akatutazama sisi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Hakuuliza tena. Wiki mbili baadaye mke wangu alijifungua, na aliyeleta kitanda kidogo cha mtoto, na mto alioushona kwa mkono wake, ni yeye. Hakulitaja lile jambo siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Basi nalitaja mimi. Ufunguo niliutoa mimi. Nilinyamaza miaka kumi na saba, na kila siku ya miaka hiyo alinisalimu kwa furaha. Kama uongozi unaona inafaa kuniandikia, faili langu lina nafasi ya kutosha. Na wewe, dada yangu, nisamehe. Najua ulinisamehe siku ile ile, lakini sikuwa nimeomba.

Takwimu zake zimo kwenye ripoti ya mwaka, nami nitataja mbili tu. Ameondoa mwamba kwenye visukuku elfu tatu mia mbili na kumi na vinne. Amefundisha mafundi kumi na tisa, sita kati yao wakiwa wakuu wa maabara kwingine, na kila mmoja ana sindano iliyochomekwa kwenye penseli.

Uongozi ulimwomba aongeze mwaka mmoja. Mezani kwake kuna bonge la mwamba lililokuja mwezi wa tatu, ambalo ameshalifikisha katikati, na pembeni mwake pameanza kuonekana kitu kinachong'aa. Tulidhani tumempata: hakuna fundi anayeondoka kitu kinapoanza kung'aa. Alikataa. "Mzee Nyundo aliacha bonge nusu," alisema, "nikalimalizia mimi, nikajifunza zaidi kuliko kwenye yale niliyoyaanza. Mwacheni na mwenzangu ajifunze."

Anakwenda nyumbani kwa fundi bomba wake, ambaye amemwahidi kwamba asubuhi ya kwanza chai ataipika yeye, na tayari ameanza kufanya mazoezi, kwa hasara ya sufuria moja. Kitinda mimba, yule wa kuhesabiwa meno, anamaliza chuo mwaka huu. Wajukuu wanne wanasubiri zamu zao za kufungua mdomo.

Bi Taratibu, ahsante kwa mikono yako, kwa utani wako, na kwa kuukiri ukweli siku ambayo ulikuwa na kila sababu ya kukaa kimya. Tunakuombea siku ndefu zisizo na vumbi, afya isiyoyumba, na nyumba yenye kelele za watoto.

Jana mchana, kabla ya kufunika lile bonge kwa kitambaa, aliacha kikadi juu yake kwa atakayefuata. Kimeandikwa kwa penseli: "Upande huu usiguse kwa Nyuki. Nenda taratibu. Jino linaanzia hapa."